MWILI WAKO UNA MATUTA YAKE

Ukipanda kutoka Mombo kwenda Soni mpaka Lushoto, unaona matuta kila upande wa mlima. Unaona viazi, kabichi, mahindi na maharage. Wewe mkulima unajua kazi ya tuta. Tuta halizai viazi. Kazi yake ni kuzuia. Mvua ya masika ikija, maji hutaka kushuka kwa nguvu na kuchukua udongo wote mpaka bondeni. Tuta huyaambia maji: "Polepole. Simameni hapa."

Tuta moja likibomoka na wewe ukaliacha, maji hupata njia. Mwaka wa kwanza ni mfereji mdogo. Mwaka wa pili ni korongo. Mwaka wa tatu shamba halipo tena.

Mwili wako nao una matuta yake. Ndani ya damu, ndani ya ngozi na ndani ya gegedu za mifupa, mwili hutengeneza vitu vya kuzuia. Baadhi ya vitu hivyo huzuia ugonjwa wa saratani, ambao wengi tunauita kansa.

Wataalamu wamevichunguza vitu hivyo kwa miaka mingi. Baadhi vimekuwa dawa. Vingine vimewapa watu matumaini ya bure. Na wako watu waliouza matumaini hayo kwa fedha. Kwa hiyo soma habari hii polepole mpaka mwisho. Kama jirani yako hajui kusoma, msomee.

SARATANI NI NINI?

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai. Chembe hizo huitwa pia seli. Ni ndogo sana, huwezi kuziona kwa macho. Nyumba hujengwa kwa matofali mengi, na mwili hujengwa kwa seli nyingi mno.

Seli huzaliwa, hufanya kazi, huzeeka na kufa. Ukijikata kwa jembe, seli za ngozi huongezeka na kuziba kidonda. Kidonda kikiisha kuziba, seli huacha kuongezeka. Zimesikia amri ya mwili.

Wakati mwingine seli moja huharibika. Huacha kusikia amri. Hugawanyika, zikawa mbili, nne, nane, na kuendelea. Hazifanyi kazi ya mwili, lakini zinakula chakula cha mwili. Ni kama magugu katika shamba la karoti. Baada ya muda huwa uvimbe au kidonda. Baadaye seli hizo husafiri kwa njia ya damu na kuota mahali pengine, kama vile mapafuni au katika ini. Hiyo ndiyo saratani.

Saratani si laana. Si ulozi wa jirani. Haiambukizi kwa kula pamoja wala kwa kulala chumba kimoja. Usimtenge mgonjwa wa saratani.

MLINZI WA KWANZA: YULE WA TEMBO

Kila siku seli nyingi katika mwili wako huharibika. Kwa nini basi watu wote hawaugui saratani? Kwa sababu wako walinzi.

Ndani ya kila seli kuna mlinzi mmoja ambaye wataalamu humwita p53. Ni protini, yaani kitu cha aina ile ile inayojenga nyama ya mwili. Seli ikiharibika, mlinzi huyu huisimamisha. Huiambia: "Usizae. Jitengeneze kwanza." Kama uharibifu ni mkubwa, huiamuru seli ife. Seli moja ikifa, mwili haupungukiwi. Seli moja mbovu ikiishi, inaweza kuleta maafa.

Sasa mfikirie tembo. Ukisimama juu ya milima yetu na kutazama kaskazini, nyika ya Mkomazi iko chini yako. Kuna tembo huko. Tembo ana mwili mkubwa mno na huishi miaka mingi, kama mtu. Seli zake ni nyingi kuliko zako mara nyingi sana. Ungedhani kwamba tembo angeugua saratani kuliko mtu. Lakini sivyo. Ni tembo wachache wanaokufa kwa saratani.

Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walieleza sababu moja. Mtu hurithi maagizo ya kutengeneza mlinzi p53 mara mbili: moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Tembo ana maagizo ya namna hiyo mara 40 hivi. Seli ya tembo ikiharibika, hufa upesi zaidi kuliko seli ya mtu.

Je, tule nyama ya tembo? Hapana. Nyama ikifika tumboni huvunjwavunjwa kama chakula kingine chochote. Mlinzi wa tembo hawezi kuhama kutoka kwenye sufuria mpaka ndani ya seli zako. Tena kuua tembo bila kibali ni kosa kwa sheria. Elimu hii inatupa njia ya kutafuta dawa. Haitupi kitoweo.

MLINZI WA PILI: UTE WA FUKO

Wewe mkulima unamjua fuko. Huchimba chini ya shamba na kula viazi vyako. Lakini yuko fuko wa aina nyingine, asiye na manyoya, mwenye meno marefu na ngozi ya makunyanzi. Anaishi chini ya ardhi katika nchi kavu za Kenya, Somalia na Ethiopia. Fuko hao huishi kwa kundi lenye malkia mmoja, kama nyuki.

Panya wa kawaida huishi miaka miwili au mitatu. Fuko huyu ni mdogo kama panya, lakini anaweza kupita miaka 30. Na wataalamu waliomfuga miaka mingi wameona saratani kwa nadra sana.

Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walipata jambo la ajabu. Waliona kwamba seli za fuko huyu hutoa ute mzito unaozizunguka. Ute huo huitwa hayaluronani. Wewe pia unao, katika ngozi na katika maungo ya goti lako. Lakini ute wa fuko umetengenezwa kwa nyuzi ndefu zaidi ya mara tano kuliko wako. Ute huo huzifanya seli zisisongamane. Seli zikianza kugusana, huacha kuzaana. Wataalamu walipouondoa ute huo, seli za fuko zilipoteza kinga yake na zikaweza kuota uvimbe.

Mwaka 2023 wataalamu hao walieleza tena. Walikuwa wamewatia panya maagizo ya kutengeneza ute kama wa fuko. Panya hao waliugua saratani kidogo kuliko wenzao, na waliishi muda mrefu zaidi kidogo.

Hii ni habari njema. Lakini angalia maneno: panya. Bado hakuna dawa ya watu iliyotoka kwa fuko huyu. Mtu akikuletea chupa na kukuambia ni mafuta ya fuko yanayoponya kansa, anakudanganya.

MLINZI WA TATU: GEGEDU

Shika sikio lako. Likunje. Kitu kile kigumu kinachokunjika ndicho gegedu. Utakiona pia katika pua yako, na kwenye ncha ya mfupa wa ng'ombe unapokula supu sokoni.

Gegedu haina mishipa ya damu. Daktari mmoja wa Boston, Marekani, aliyeitwa Judah Folkman, alikuwa mpasuaji wa watoto. Mwaka 1971 alieleza wazo lake. Alisema kwamba uvimbe wa saratani unahitaji damu ili ukue. Ni kama mkulima anayechimba mfereji ili avute maji ya mto mpaka shambani kwake. Uvimbe nao huvuta mishipa mipya ya damu. Ukiuzibia mfereji, uvimbe hauwezi kukua.

Basi wataalamu wakajiuliza: kama gegedu haina mishipa, je, ina kitu cha kuizuia? Mwaka 1976 Robert Langer na wenzake walitangaza kwamba walikuwa wamepata kitu hicho katika gegedu ya ndama. Baadaye walikitafuta pia katika papa, kwa sababu mifupa ya papa yote ni gegedu.

Hapo wafanyabiashara wakaruka. Mwaka 1992 kilitoka kitabu Marekani kilichosema kwamba papa haugui saratani. Si kweli. Papa huugua saratani, na wataalamu wameiona. Lakini watu walianza kusaga gegedu ya papa na kuiuza kwa vidonge. Papa wengi walivuliwa. Wagonjwa wengi walitoa fedha zao.

Madaktari wakaamua kupima jambo hilo kwa haki. Walichukua wagonjwa 379 wa saratani ya mapafu, Marekani na Kanada. Wote walipata matibabu ya hospitali. Nusu yao waliongezewa dawa iliyotolewa katika gegedu ya papa. Wengine waliongezewa maji yasiyo na dawa, bila wao kujua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Waliokunywa dawa ya papa hawakuishi zaidi ya wenzao.

Papa mkavu anayeletwa masokoni kutoka Tanga ni kitoweo kizuri. Mpike kwa nazi, ule na ugali. Lakini usimnunue kama dawa ya saratani.

Je, wazo la Folkman lilikuwa bure? Hapana. Wazo lenyewe lilikuwa sahihi. Mwaka 2004 Marekani iliruhusu dawa ya kwanza iliyotengenezwa makusudi kuzuia mishipa ya damu ya saratani. Dawa hiyo hutolewa hospitali kwa sindano, pamoja na dawa nyingine. Haiponyi kila mtu. Huwaongezea baadhi ya wagonjwa muda wa kuishi. Kutoka wazo mpaka dawa ilipita miaka 33. Elimu ya kweli haina haraka.

MLINZI WA NNE: INTAFERONI

Mwaka 1957, mjini London, wataalamu wawili, Alick Isaacs na Jean Lindenmann, walikuwa wanachunguza virusi vya mafua. Walitumia utando wa yai la kuku lenye kifaranga ndani. Waliona kwamba seli zilizoguswa na virusi hutoa kitu kinachozionya seli jirani. Ni kama mtu anayepiga mbiu ya mgambo kijijini: "Adui amekuja, fungeni milango!" Kitu hicho walikiita intaferoni.

Baadaye ilionekana kwamba intaferoni huweza pia kupunguza kasi ya baadhi ya saratani. Lakini ilikuwa shida kuipata. Huko Helsinki, nchi ya Ufini, mtaalamu Kari Cantell aliitoa katika chembe nyeupe za damu ya watu waliojitolea. Damu nyingi ilitoa intaferoni kidogo sana. Tangu mwaka 1980 wataalamu walijua kuitengeneza kwa kutumia vijidudu. Mwaka 1986 Marekani iliiruhusu kutibu aina moja ya saratani ya damu. Ilisaidia saratani chache. Lakini iliwaletea wagonjwa homa na uchovu mkubwa, na leo dawa bora zaidi zimechukua nafasi yake kwa wagonjwa wengi.

Hapa Afrika Mashariki tunalo somo letu. Mwaka 1990 nchini Kenya vilitangazwa vidonge vya intaferoni vilivyoitwa Kemron. Vilisemwa kuwa vinasaidia wagonjwa wa ukimwi. Watu walifurahi, kwa sababu wakati huo hapakuwa na dawa nzuri. Uganda iliamua kuvipima kwa makini. Kundi moja la wagonjwa lilipewa dawa, na kundi jingine lilipewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba vidonge hivyo havikuwa na faida. Intaferoni ni kitu cha kweli. Tangazo lilitangulia kipimo, hilo ndilo lilikuwa kosa.

UVIMBE WA TAYA NA MILIMA YETU

Sasa tuje karibu zaidi na nyumbani. Mwaka 1957 daktari Denis Burkitt alikuwa anafanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Aliwaona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Uvimbe huo ulikua upesi na kuwaua kwa miezi michache. Aliandika habari zake mwaka 1958. Ni saratani ya watoto, na leo inaitwa kwa jina lake, Burkitt.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Kampala mpaka kusini mwa Afrika na kurudi. Walisimama katika hospitali nyingi, zikiwemo za nchi yetu. Walikuwa na picha na swali moja: "Mmewaona watoto wenye uvimbe huu?" Jibu lilikuwa la ajabu. Katika nchi za chini zenye joto na mvua, watu walisema ndiyo. Katika nchi za juu zenye baridi, walisema hapana. Karibu na ikweta mpaka ulikuwa kiasi cha futi 5,000, yaani meta 1,500 hivi.

Wewe wa Lushoto, mji wako uko kiasi cha meta 1,400. Mombo iko chini sana. Unajua tofauti nyingine ya mahali hapo pawili. Ni malaria. Mbu wa malaria hupenda joto la bondeni.

Mwaka 1964 wataalamu watatu wa London, Epstein, Achong na Barr, waliona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Watu karibu wote duniani wanacho kirusi hicho na hakiwadhuru. Walinzi wa mwili hukishika. Lakini mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara, walinzi wake huchoka. Hapo kirusi hupata nafasi. Tuta limebomoka.

Kuna jambo jingine. Mwaka 1967 Burkitt na Sebastian Kyalwazi, daktari mpasuaji wa Uganda, waliandika habari za watoto wachache ambao uvimbe wao ulipungua wenyewe. Walikuwa wachache mno, na hakuna mzazi anayepaswa kungoja jambo kama hilo. Lakini lilionyesha kwamba mwili una nguvu ya kupigana na saratani.

Leo saratani hii hutibiwa kwa dawa za sindano. Mtoto akifikishwa hospitali mapema, ana nafasi kubwa ya kupona. Kwa hiyo chandarua unachomfunikia mtoto wako kinafanya kazi mbili. Kinamkinga na malaria, na kinawapumzisha walinzi wa mwili wake. Ukishuka na watoto kwenda bondeni kulima mpunga au kuwatembelea ndugu, chukua chandarua.

WALINZI HUWEZA KUFUNDISHWA

Ndugu msomaji, huna uwezo wa kujitengenezea dawa ya intaferoni. Huwezi kupata ute wa fuko. Lakini walinzi wa mwili huweza kufundishwa, na mafunzo hayo yanapatikana hapa hapa. Ni chanjo.

Katika Tanzania, saratani inayowaumiza wanawake wengi kuliko zote ni ya mlango wa kizazi. Karibu mara zote huletwa na kirusi kiitwacho HPV. Kirusi hicho huambukizwa kwa kujamiiana. Mwaka 2018 Serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima. Mwaka 2024 chanjo ilipanuliwa kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14, kwa dozi moja. Chanjo huwaonyesha walinzi sura ya adui kabla adui hajafika. Ndiyo maana hutolewa kwa msichana mdogo.

Utasikia maneno kwamba chanjo hii inazuia kuzaa. Si kweli. Mzazi, usimfiche binti yako siku ya chanjo.

Chanjo nyingine ni ya homa ya ini aina ya B, ambayo huweza kuleta saratani ya ini. Tangu mwaka 2002 watoto wachanga hupewa kinga hiyo pamoja na chanjo nyingine kliniki. Mpeleke mtoto kwa tarehe zote zilizoandikwa kwenye kadi yake.

Na kama unaishi na virusi vya ukimwi, meza dawa zako kila siku. Virusi hivyo hula walinzi wa mwili, na saratani hupata mlango. Mwanamke mwenye virusi hivyo apimwe mlango wa kizazi mara nyingi zaidi kuliko wengine.

MFANO WA MAMA WA MILIMANI

Tuseme mama mmoja wa kijiji cha milimani ana miaka 42. Anaona damu baada ya kulala na mumewe. Anaona haya kusema. Miezi minne inapita. Mume anasikia habari za mtu anayeuza unga sokoni. Muuzaji anasema unga huo ni wa gegedu ya papa na unaamsha kinga ya mwili. Mume anauza mbuzi wawili. Mama anakunywa unga miezi sita. Damu inazidi. Mume anauza ng'ombe. Mama anapofika hospitali, daktari anaona kwamba saratani imekwisha kusambaa.

Unga ule labda haukumdhuru. Kilichomdhuru ni miezi kumi iliyopotea.

Sasa tuseme mama huyo huyo alikwenda mapema, hata kabla ya kuona damu. Muuguzi angempaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi na kungoja dakika moja. Mahali penye mabadiliko hugeuka peupe. Mabadiliko hayo bado si saratani. Huchukua miaka mingi kuwa saratani. Huweza kutibiwa kwa kugandishwa kwa baridi au kwa kuchomwa kidogo kwa joto, na mama akarudi nyumbani siku ile ile. Siki tu, ndugu msomaji, na dakika chache.

Baba unayesoma habari hii, usimwache mama aende peke yake. Mpe nauli, mpe ruhusa, mpe moyo.

VIPI DAWA ZA MITI?

Misitu yetu ya Usambara ina miti mingi ya dawa, na wazee wetu wana elimu. Tusiidharau. Dawa moja inayotumiwa hospitali kutibu uvimbe wa Burkitt, yaani vinkristini, ilitoka katika ua dogo la Bukini. Ua hilo, la waridi au jeupe, hupandwa leo katika nyua nyingi za pwani. Lakini majani yake yakitafunwa ni sumu. Wataalamu walitoa kile kinachofaa, wakakipima, wakajua kiasi cha kumpa mtoto na kiasi cha kumpa mtu mzima. Kama unatumia dawa ya miti, mwambie daktari. Na usiache matibabu ya hospitali.

DALILI ZA KUANGALIA

Nenda zahanati au kituo cha afya ukiona mojawapo ya mambo haya:

1. Uvimbe katika titi, shingo, kwapa, taya au tumbo usioisha.
2. Damu ukeni baada ya kujamiiana, au baada ya hedhi kukoma kwa umri.
3. Kidonda kisichopona.
4. Chakula kukwama kooni.
5. Shida ya kukojoa kwa mwanamume mtu mzima.
6. Mboni ya jicho la mtoto kuonekana nyeupe.
7. Kikohozi kisichoisha, au kukonda bila sababu.

Dalili hizi si lazima ziwe saratani. Kikohozi huweza kuwa kifua kikuu. Uvimbe wa titi mara nyingi si saratani. Lakini mtu wa kujua ni mpimaji. Wewe usikisie.

Kutoka zahanati utapelekwa hospitali kubwa zaidi, kama vile hospitali ya wilaya Lushoto, Bumbuli, au Bombo Tanga. Ikihitajika, utapelekwa KCMC Moshi, Muhimbili, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Safari ni ndefu na nauli ni nzito. Ndiyo maana ni vizuri kaya kuwa na bima ya afya, na kijiji kuwa na mfuko wa kusaidiana. Tunachangiana arusi na mazishi. Tuchangiane pia nauli ya mgonjwa akiwa bado anaweza kupona.

MWISHO

Mwaka 1973 Watanzania waliketi katika vikundi kusikiliza redio na kujifunza kwamba mtu ni afya. Walichimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakungoja dawa ya ajabu. Walianza na kile walichokuwa nacho.

Nasi tuanze na tulicho nacho. Wataalamu wataendelea kumchunguza tembo, fuko na gegedu. Huenda siku moja wajukuu wetu wakapata dawa zitokazo huko. Sisi leo tuna chandarua, chanjo, siki na miguu ya kwendea zahanati. Tuache tumbaku. Tupunguze pombe. Tule mboga na matunda, ambayo milima yetu inayo tele.

Tuta hutengenezwa kabla ya mvua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tembo haugui saratani mara nyingi?
2. Unga wa gegedu ya papa ulipimwaje? Matokeo yalikuwa nini?
3. Mtu akikuuzia dawa ya saratani sokoni, utamwuliza maswali gani?
4. Katika kijiji chako, wasichana wangapi wa miaka 9 mpaka 14 bado hawajachanjwa? Nani atawaeleza wazazi wao?
5. Nini huwazuia akina mama kwenda kupimwa? Akina baba wanaweza kusaidia namna gani?